Kinamasi cha Kutandika Sebuleni

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, mchana, wakati wa chakula. Elungat, mfumaji wa mazulia, aliishika tarehe hiyo kichwani kwa sababu wakubwa walimuuliza baadaye kana kwamba wao hawakuwepo: "Ilikuwa lini hasa, mzee?" Mtu aliyekuletea mauti akikuuliza yalifika lini, unamjibu tu. Utafanya nini?

Siku hiyo mkewe Anjeline alikuwa na hamu ya mrenda. Kuku walikuwa wamechinjwa kwa ajili ya wageni kutoka Nairobi, lakini kuku wa wageni ni wa wageni, fundi hupata mchuzi na harufu. Anjeline akachuma mrenda wake nyuma ya banda la kufumia pale Dabani, upande wa Uganda, akainjika chungu kando ya masufuria ya rangi, na mboga ilipochemka akapeleka mkono kwenye mfuko wa magadi ulioegemea ukuta. Hakuangalia. Nani anaangalia magadi?

Kule mpakani mrenda usiotiwa magadi hauliki, unakataa koo. Wasamia wa kwao Anjeline hutia, Wateso wa kwao Elungat hutia pia, wao wakiyaita abalang. Na fundi wa rangi naye hutumia magadi hayohayo, huyatia kwenye maji ya moto ili rangi ya majani na magome iamke. Ndiyo maana katika banda lile mfuko ulikuwa mmoja, wa mboga na wa rangi, tangu banda lijengwe, na hakuna mtu aliyewahi kuumwa hata tumbo.

Kilichokuwa ndani ya mfuko siku hiyo hakikuwa magadi.

Elungat alikuwa ameshanyanyuka kwenye fremu aende kula. Barbara akamgusa mkono. Barbara ndiye mbunifu aliyelichora zulia, mwanamke kijana wa miwani na sauti ya chini. "Samahani mzee, hapa kwenye yungiyungi mstari umepinda. Tufumue kabla hujala?"

Elungat akakaa tena, akafumua. Ndivyo alivyopona. Mafundi wengine walikuwa wameukimbilia mchuzi wa kuku, mrenda nani aukumbuke? Anjeline akala peke yake, akamwekea mumewe bakuli lake, akalifunika kwa sahani.

Bakuli halijapoa, mwanamke alikuwa chini. Alisema kichwa kinamzunguka. Midomo ikawa rangi ya zambarau, na kucha nazo, kama za mtu aliyezamisha vidole kwenye sufuria ya rangi. Fundi mmoja alicheka, akidhani ni rangi kweli. Wakampakia kwenye pikipiki, mumewe nyuma amemkumbatia asianguke. Kwenye kituo cha afya nesi akauliza, "Amekula nini?"

"Mboga."

"Mboga gani inafanya mtu hivi?"

Wakawa wanatafuta gari la kumpeleka hospitali ya Tororo, lile gari ambalo huonekana kwenye hotuba kila mwaka wa kura. Anjeline alikuwa akiuliza kama mtoto wao, Atai, amekula. Aliuliza, akauliza tena, halafu akaacha kuuliza.

*

Lazima lisemwe zulia lenyewe lilikuwa nini, maana bila hilo zulia Anjeline angekuwa anapika mrenda wake hadi leo.

Lilikuwa kinamasi. Barbara alishuka na Anjeline hadi ukingo wa mto Sio, viatu mkononi, akachora mafunjo, akachora yungiyungi, akachora hata povu linalokaa juu ya maji yaliyolala. Alirudi na matope magotini, anacheka. Alitaka mtu wa mbali, katika nyumba ambayo mafundi wasingeiona, akanyage kinamasi bila kulowa.

"Kinamasi ya kutandika sebuleni," Elungat alisema alipoelezwa. "Basi muweke na vyura, huyo mwenye nyumba alale vizuri." Banda lote likaangua kicheko, Barbara akacheka kuliko wote.

Barbara hakuwa mtu mbaya, na kusema vingine ni kumsingizia. Alikaa kwenye fremu bega kwa bega na Elungat, akajifunza kufunga fundo la sufu juu ya nyuzi za mtande mpaka vidole vikachubuka. Na alipoonyeshwa nyeusi ya Anjeline, ile ya kuchemsha sufu na magome kisha kuifukia kwenye tope la kinamasi mpaka inywe giza, aliigeuzageuza kiganjani. "Mama Atai," akasema, "hii haiko dukani popote."

"Duka lake lina mbu, mwanangu," Anjeline akamjibu. "Ndiyo maana nyinyi hamwendi."

Shida ilikuwa kijani. Majani ya kwao yalitoa kijani cha kuzeeka, kinachoelekea manjano, na ofisi ya Nairobi iliyoagiza zulia ilitaka kijani cha funjo changa, kisichopauka. Akaja Levis na jibu. Levis ndiye mratibu wa mradi, alikaa Busia ya Kenya na kuvuka kila asubuhi na shati jeupe na simu mbili, moja ya kupiga na nyingine ya kusingizia kwamba anapigiwa. Alisema kuna dawa ya kushikisha rangi, unga mweupe, inakuja. Ilipokuja hakusema imekuja. Asubuhi moja mafundi walikuta mfuko mpya wa magadi ukutani, wa zamani ukiwa umeisha, wakashukuru Mungu kwamba wakubwa kwa mara ya kwanza wamekumbuka kitu kabla hawajaombwa.

Na jioni ya ile Alhamisi, wakati Elungat bado ameshika miguu ya mkewe kule kituoni, Levis alifika bandani akauondoa mfuko. Chungu akakiosha mwenyewe kwa sabuni. Mtu aliyekuwa hajawahi kuosha hata kikombe chake.

*

Walimzika Molo, kijijini kwa Elungat, upande uleule wa Uganda. Kwa watu wa pande zile jeneza halishuki kabla kifo hakijasemwa. Aliyekuwa na marehemu husimama akaeleza mbele ya wote ugonjwa ulianza wapi na roho ilitoka vipi, wakwe wasikie, majirani wasikie, ili kesho mtu asije na maneno yake ya pembeni.

Levis akawahi kusimama. Akasoma salamu za rambirambi, akataja bidii ya marehemu, akasema ni ugonjwa wa ghafla. Akaweka shada la maua ya plastiki.

Kisha akasimama Elungat. Mfuko hana. Chungu kimeoshwa. Akasema alichokuwa nacho: "Mama Atai amekula mboga, amekufa."

Cornelius, kaka yake Anjeline, akamwangalia kwa utulivu. "Na wewe shemeji, ulikula hiyo mboga?"

"Hapana."

"Ulikuwa umeshiba?"

"Hapana. Nilikuwa na kazi."

"Bakuli lako lilibaki?"

"Lilibaki."

Mchungaji akaona hatari, akaanzisha wimbo. Lakini wimbo haufuti hesabu kama hiyo: chungu kimoja, wawili wa nyumba moja, mke kala kafa, mume bakuli lake limejaa. Wakwe hawakupiga kelele. Waliondoka bila kuonja chakula, na Atai wakamchukua, wakavuka naye hadi kwao karibu na Funyula, upande wa Kenya. Mtoto alikuwa bado hajafikisha umri wa kuulizwa anataka kukaa wapi.

Wewe utasema, si aende akajieleze? Hapo ndipo mambo yalipofungwa kamba. Mkwe hasemi na mama mkwe wake uso kwa uso. Hakai naye nyumba moja, hamwangalii machoni, wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Ni heshima, na ni heshima nzuri mambo yakiwa mazuri. Lakini mama huyo, Nanjala, ndiye mwenye neno la mwisho katika boma lile, na Elungat hakuwa na mdomo wa kumfikia. Tena mtuhumiwa wa sumu hawezi kujisafisha mwenyewe. Alihitaji waliouleta mfuko waende wakaseme. Asipopata hao, mtoto wake angekua akijua kwamba baba alimuua mama.

Aliyemfumbua macho ni Kevo wa bodaboda. Alikuja kumpa pole, akaacha pikipiki mbali kama mtu anayeingia kanisani.

"Mzee, ile kitu mimi ndio nilivusha," akasema. "Kwa njia ya panya. Ilitoka Nairobi kwa pipa la buluu lina kichwa ya maiti kwa kifuniko. Sasa pipa kama ile pale mpakani wanataka permiti. Levis akasema tumwage kwa mifuko ya magadi, magadi hakuna mtu anauliza. Nikabeba. Sikujua itawekwa pale mnapika."

"Hukuuliza?"

"Mzee, boda akiuliza abiria amebeba nini, atakula wapi? Nilitumwa."

Elungat hakumpiga. Alimwomba tu asipotee.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akamkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tutafuatilia." Neno hilo wakubwa hulitumia kama mlango: wanalisema, na wewe unajikuta uko nje.

Basi akabaki na kitu kimoja, zulia. Alirudi bandani akalimaliza, peke yake, hasemi na mtu. Nyeusi ya Anjeline ilitosha kwenye tope la chini, pale mizizi ya mafunjo inaposhikana. Alipofunga fundo la mwisho hakulikata zulia. Aliliacha limening'inia kwenye fremu, akaketi mbele yake.

Wafumaji wa banda lile wana mwiko wao: zulia hukatwa na mkono uliolianza. Mkono mwingine ukilikata, pembe hujikunja, na hata uliwekee mawe halitalala kamwe. Levis alicheka aliposikia. Akamwita Obore, mfumaji wa fremu ya pili, akampa kisu. Obore akakirudisha kisu mezani kama kinamchoma.

"Bwana Levis, mimi niko na watoto," akasema. "Kata wewe. Lakini ukikata, hapa mimi siko, sikuona."

Levis hakukata. Akavuta kiti.

"Mzee wangu, usinifanyie hivyo. Maonyesho ni wiki ijayo. Picha zimeshatangazwa. Unajua ni watu gani wanangoja hii kitu?"

"Mimi najua mtu moja anangoja," Elungat akasema. "Iko Funyula. Twende kwa wakwe yangu. Wewe na Barbara. Mseme ile kitu ilikuwa kwa mfuko. Mkisema, nakata."

"Kata kwanza, tuweke kwa gari, tuende. Nakuapia kwa mama yangu."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Basi unaapa na kitu uko nayo. Atai hana."

Walivutana hivyo mpaka Barbara akaingia kati. Tangu msiba alikuwa amekonda, miwani ilikuwa ikimteleza puani. "Nitakwenda," akasema. "Levis asipokwenda, nitakwenda peke yangu. Lakini mzee, ofisi hainipi gari bila zulia ndani yake. Huo ndio ukweli."

Elungat akalitazama lile zulia muda mrefu. Alikuwa hajui kusoma zaidi ya jina lake, ila hilo alilisoma vizuri: wenye gari ndio wenye safari. Akachukua kisu. Nyuzi za mtande zilikatika moja baada ya nyingine kwa sauti ndogo kavu, na zulia likamwangukia mikononi, zito kama mtu.

*

Mpakani Levis alishuka na faili. Zulia lilikuwa na karatasi zote, mhuri juu ya mhuri. Kwa zulia walikumbuka karatasi.

Bomani kwa wakwe, Elungat aliwekewa kigoda kando ya ghala, mgongo ukielekea mlango wa Nanjala. Kutoka hapo alichokiona ni ukuta wa ghala, kuku, na nusu ya gari. Mengine yote aliyapata kwa masikio. Cornelius alisimama katikati ili abebe maneno. Kevo pia alikuwa amefika, kwa pikipiki yake, na Elungat alimsikia akikohoa.

"Kabla hawajasema," sauti ya Nanjala ilitoka ndani, "wafungue hiyo kitu iko kwa gari. Nataka kuona mtoto wangu amekufia nini."

"Kukhu, kuna vumbi sana," Levis akasema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Hii imeshasafishwa."

"Cornelius, mwambie huyo shati kwamba vumbi ya hapa ni yangu."

Buti la gari likafunguliwa. Elungat alisikia zulia likitandazwa chini, sauti anayoijua kuliko sauti yake, kisha hatua za kizee zikitoka nje zikikokota kandambili. Akainamisha kichwa zaidi. Kandambili zikasimama. Kisha pumzi ndefu ya puani, ya mtu aliyeinama hadi chini.

"Hii nyeusi ni yake," Nanjala akasema. "Imenuka Sio. Hii kijani simjui baba yake."

Miguu midogo ikaja mbio, ikasimama ghafla. Elungat alijua ni ya nani, shingo ikataka kugeuka yenyewe.

"Kukhu, nikanyage?"

"Isije ikachafuka, jamani," Levis akasema kwa sauti ya chini.

"Kanyaga, Atai," Barbara akasema. "Kanyaga tu."

Halafu Barbara akaeleza. Kiswahili chake cha Nairobi kilikuwa kikikatika, lakini alieleza. Kwamba mzee alikuwa amesimama aende kula. Kwamba yeye ndiye alimshika mkono amrudishe kwa ajili ya mstari mmoja uliopinda. Kwamba angemwacha aende, leo yangekuwa makaburi mawili.

Nanjala akajibu. "Asante, mwanangu. Hilo limeingia. Cornelius, mwambie mkwe wangu aletewe maji."

Maji yakaja, kwenye kikombe cha bati. Elungat akayanywa yote, akafikiri sasa imekwisha, sasa mtoto atafungiwa nguo zake.

"Na sumu?" Nanjala akauliza.

Levis akakohoa. "Kukhu, ilikuwa bahati mbaya. Sisi wote tumeumia. Marehemu alikosea mfuko, hiyo tu."

"Mfuko uliandikwa nini?" Cornelius akauliza.

"Uliandikwa... magadi."

"Na yeye alikuwa anataka nini?"

Cornelius akajijibu mwenyewe.

"Alitaka magadi, akachukua penye imeandikwa magadi. Sasa alikosea wapi? Nionyeshe, mimi niko na macho."

"Si mimi nilivusha kwa kupenda," Kevo akadakia, maneno yakimtoka kama yaliyokuwa yamefungiwa. "Mimi nilitumwa na Levis. Mimi ni boda."

"Wacha kunitaja kama mwizi!" Levis akapaza sauti. "Na mimi nilipigiwa simu. Niliambiwa mzigo usikae mpakani hata siku moja, nitumie akili. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Mimi si mkubwa wa mtu. Ofisi ilinituma."

"Ofisi ni nani?" Cornelius akamuuliza Barbara. "Si ni wewe?"

"Mimi niliomba kijani," Barbara akasema. Sauti yake ilikuwa imeisha. "Kijani tu. Sikujua inavukaje. Niliwauliza, wakaniambia mteja amepanga tarehe na tarehe haisogei. Na wao waliambiwa."

Mbuzi akalia nyuma ya nyumba. Mtu akawa anaokota zulia kutoka upande mmoja, pengine Levis, na kandambili za Nanjala zikasogea, zikasimama juu ya upande wa pili, zulia likaacha kuvutwa.

"Cornelius, mwambie mkwe wangu nimemtoa kwenye hilo neno," akasema. "Bakuli lake limejibiwa. Lakini mtoto simpi bado. Simrudishi kwenye nyumba ambayo kifo chake hakina mwenyewe. Mtoto akiniuliza nitamwambia nini, kwamba mama yako aliuawa na mpanda pikipiki? Na shati? Na msichana analia?"

Elungat alisahau heshima. "Mama," akasema kwa ule ukuta wa ghala, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumsemesha moja kwa moja, "mimi nitawatafuta wenye hicho kifo. Nipe Atai, mimi nitawatafuta."

Nanjala hakumkemea. Aliongea na wale wengine, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Mmekuja na gari kubwa, mmesema vizuri. Huyu alitumwa na huyu, huyu akatumwa na ofisi, ofisi ikatumwa na tarehe. Sasa kama nyinyi nyote mlitumwa, aliyewatuma ni nani, na mbona yeye hajaja?"